Vijiko Vinne vya Samli

Katika mambo ya mapenzi, Karatu nzima hakuna mwanamke wa kunifundisha. Nimeolewa mara tatu. Mume wa kwanza alikwenda Mang'ola kununua vitunguu, na mpaka leo sijaviona hivyo vitunguu. Wa pili alinirudisha kwetu kwa lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia na begi langu mapajani. Wa tatu alikufa, Mungu amrehemu, na huyo ndiye pekee aliyeondoka bila kunitukana. Kwa hiyo ninaposema kwamba niliyaona macho ya mjukuu wangu Rozalia asubuhi ile nikajua huu ni wivu, mniamini. Katika mapenzi, wivu ndilo somo pekee nililofaulu.

Ulikuwa mwezi wa saba, ule mwezi ambao ukungu wa Kreta, lile bonde la volkano huko juu, hushuka mpaka jikoni kwangu ukajikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Rozalia alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na birika la chai ya wanamichezo, mimi nyuma yake na vikombe. Ghala lenyewe ni la mbaazi, liko nyuma ya nyumba yangu. Mbaazi zilipouzwa nilimwachia Kocha Metui, akafagia, akatandika magodoro ya mieleka, akaweka kambi. Vijana watano: wanaume wanne na msichana mmoja, Beatrice.

"Beatrice, kiuno," Kocha alikuwa anasema. "Unasimama juu sana. Uzito wako wote uko kifuani. Ushushe."

"Nimeshusha, Kocha."

"Bado."

Akapiga goti moja nyuma yake, akamshika kiuno kwa mikono miwili, akamshusha taratibu kama mtu anayeweka chini mtungi wa maji. "Hapa. Unasikia? Ukiwa hapa hakuna wa kukung'oa."

"Nasikia, Kocha."

"Kaa hapo hapo."

Beatrice akakaa hapo hapo. Na Kocha naye akakaa hapo hapo. Mimi nilihesabu mpaka kumi na nne. Rozalia sijui alihesabu mpaka ngapi, maana birika lilikuwa limeinama na chai inanimwagikia miguuni.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "vikombe viko huku juu. Hivyo ni vidole vyangu."

Ngoja niwaeleze habari za huyu Metui, msije mkamwona mtu wa ovyo. Ni mtoto wa Kakesio, huko ng'ambo ya Kreta kwa wafugaji. Alipigana mieleka miaka tisa, akaleta nyumbani medali sita, goti bovu la kushoto, na sikio la kulia lililovimba kama kitumbua. Goti lilipomkataa akaenda kusoma sayansi ya michezo, akarudi na cheti, mzani na daftari. Makocha wengine hupiga kelele. Yeye hupima. Hupima uzito wa kila mmoja kabla ya chai, hupima mapigo ya moyo, huuliza mtu amelala saa ngapi na ameamka mara ngapi. Mlangoni mwa choo changu alibandika karatasi yenye rangi nane za njano, ili kila mmoja alinganishe na mkojo wake ajue kama amekunywa maji ya kutosha. Nami nilijilinganisha. Nilikuwa namba nane. Nikamwambia Rozalia kwa siri, na kesho yake Kocha akaniletea jagi la maji akaliweka mbele yangu.

Huyu mtu wa kupima kila kitu ndiye aliyempenda mjukuu wangu. Nilijua siku ya kwanza alipopokea kikombe mkononi mwake, vidole vyake vikabaki juu ya vya Rozalia pumzi moja zaidi ya ile inayohitajika kupokea kikombe. Akasema, "Ahsante, Roza," na hakuna mtu aliyewahi kumwita Roza kwa sauti ile, kama jina lenyewe ni kitu cha kuvunjika. Rozalia siku hiyo alitia chumvi kwenye chai yangu.

Mambo yalikwenda vizuri. Hata mama yake Metui, Nasha, alikuja mwenyewe kutoka Kakesio amebeba kibuyu kikubwa cha samli, kimezungushiwa ushanga shingoni, akamkabidhi Rozalia kwa mikono miwili. "Mke wa mwanangu, hii ni yako. Kula unenepe." Mwanamke hatembei na samli safari ile kumpelekea mtu asiyemtaka.

Kilichobaki ni mwanangu Damiano, baba yake Rozalia, mkulima wa Endamarariek. Huyo nilimzaa mwenyewe lakini sijui aliutoa wapi uso ule. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mama," akasema, "siwezi kumpa binti yangu mwanamume ambaye kazi yake ni kukumbatia mabinti za watu sakafuni."

"Anafundisha, Damiano. Kwa sayansi."

"Na babu zao walichukua ng'ombe wetu."

"Basi safari hii wanawarudisha. Ndiyo mahari hiyo."

"Mama, sicheki."

"Najua. Hujacheka tangu ubatizo."

Akasema atakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi, amwone mtu huyo kwa macho yake, kisha atatoa jibu moja tu: ndiyo au hapana. Na Damiano akisema hapana, hata padre haibadilishi. Rozalia alijua hivyo. Ndiyo maana nashangaa alivyotumia zile wiki tatu za kumngoja.

Turudi kwenye chai. Tulipofika jikoni aliliweka birika chini kwa kishindo.

"Bibi, umeona?"

"Nimeona mtu anafundisha."

"Kufundisha gani kwa kushikana vile?"

"Mieleka haifundishwi kwa barua, mjukuu wangu."

"Na saa kumi na moja alfajiri je? Kila siku ujumbe unaingia kwenye simu yake, ni Beatrice. Leo nilikuwa nampelekea maji ya moto, nikauona. Unajua kaandika nini? 'Nimeamka. 48.'"

"Arobaini na nane nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Watu wenye siri yao huandikiana namba."

Nikafikiri. Mimi niliishia darasa la saba, na katika hesabu zote tulizofundishwa hakuna hata moja iliyoishia kwenye mapenzi. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Alimuuliza jioni ile. Metui alikuja jikoni kupima maharage, maana hata maharage ya wanamichezo yalipimwa. Kila mmoja alikuwa na bakuli lake lililobandikwa jina kwa plasta, na la Beatrice lilikuwa jekundu. Najua ilinipasa kutoka nje niwaachie nafasi wazungumze, lakini nilikuwa na uji motoni. Haya, hakukuwa na uji.

"Metui."

"Naam, Roza."

"Arobaini na nane ni nini?"

"Ni moyo," akajibu, macho kwenye mzani.

"Moyo wa nani?"

"Wa Beatrice. Akiamka, kabla hajanyanyuka kitandani, unapiga arobaini na nane kwa dakika. Mwezi wa tano ulikuwa unapiga sitini na moja." Halafu, maskini, akatabasamu. "Moyo mzuri ule, Roza. Miaka yote niliyocheza sijaona moyo kama ule."

Nilifumba macho. Kuna wanaume husoma mpaka wakapoteza akili walizozaliwa nazo.

"Na wangu unapiga ngapi?"

"Wako?"

"Wangu mimi. Umewahi kuniuliza nimelalaje?"

"Lakini wewe siyo mwanamichezo, Roza."

"Mimi ni nani?"

Lango lilikuwa wazi, ng'ombe mia wangepita. Metui alimtazama, na mimi niliyekaa kwenye kigoda niliona jibu limemjaa machoni pote, linatafuta pa kutokea. Lakini mbele yake alikuwa na msichana amekunja mikono, pembeni ana bibi kizee ametega masikio, na mtoto wa wafugaji hafundishwi kumwaga moyo wake mbele ya bibi wa mtu.

"Wewe ndiye..." akasema. "Wewe ndiye unatupikia."

Rozalia akatabasamu. Tabasamu lile mtu akikupa, funga mlango.

"Haya," akasema. "Nitawapikia."

Kesho yake mchana nilimkuta amekishusha kibuyu cha samli kwenye ndoano. Alichota kijiko kimoja cha chakula, kikubwa, akakitia kwenye bakuli jekundu. Akachota cha pili. Akakoroga maharage.

"Unafanya nini, Rozalia?"

"Namnenepesha."

"Unamnenepesha nani?"

"Yeye anapigana uzito wa kilo hamsini na tatu. Mashindano ya Arusha ya kuchagua timu ya taifa ni wiki nne zijazo. Kocha mwenyewe alisema, ukizidi hata gramu mia hukanyagi godoro. Basi atazidi. Atabaki hapa na moyo wake mzuri, na Kocha atakwenda na wale wanaume wanne."

"Na akikuuliza?"

"Mimi ndiye nawapikia tu."

Mtu mzima angemkataza. Nilisogea, nikachungulia bakuli, nikasema, "Koroga vizuri. Inaelea."

Samli ile ilifanya kazi yake. Asubuhi nilisikia Kocha akisoma namba kule ghalani: hamsini na tatu na nusu. Hamsini na nne. Hamsini na nne na gramu mia nne. Metui akaanza kukonda kwa mawazo wakati Beatrice ananenepa. Alibadilisha betri za mzani. Akaupima mzani wenyewe kwa mfuko wa sukari. Akamuuliza Beatrice mambo ya kike ambayo mimi sikuwahi kuyataja hata mbele ya mkunga, na majibu yote akayaandika. Rozalia alikuwa anapita na ndoo, akasikia, na mchana ule kijiko kilijaa mpaka kikawa na kilima.

Siku moja Beatrice alikuja jikoni mwenyewe. Wazazi wake ni vibarua wa shamba la kahawa huku juu, baba wa Singida, mama wa Mbulu, na yeye amezaliwa kwenye makambi ya shamba. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Dada Roza, nakuomba unipunguzie ugali. Nipe nusu. Nimekimbia na makoti mawili, nimelala bila kula, bado napanda. Nikikosa safari hii narudi kuchuma kahawa. Nilimwambia mama mikono yangu haitarudi kule."

Akaiweka mikono ile mezani, kama anayeonyesha ushahidi. Rozalia aliitazama.

"Nitakupunguzia," akasema kwa sauti ndogo.

Nikajua amekoma. Na kweli angekoma. Alikata ugali nusu, akashika bakuli jekundu, kijiko akakiacha mezani. Lakini alipotoka nalo kwenda ghalani, Metui na Beatrice walikuwa wamekaa pembeni ya godoro, vichwa vimekaribiana. Beatrice ananong'ona neno, Metui analirudia polepole, midomo inachezacheza. Beatrice akacheka, akampiga begani.

"Siyo hivyo, Kocha. Tena."

Metui akarudia tena, kwa upole uleule aliosema nao "Roza."

Mjukuu wangu akageuka na bakuli lake. Jikoni akachukua kijiko. Ugali ulibaki nusu kama alivyoahidi, maana yeye ni mtu wa kutimiza ahadi, lakini maharage yalipata vijiko viwili na machozi kidogo.

"Yaani hata sauti kampa," aliniambia. "Bibi, ile sauti ilikuwa yangu."

Sikuwa na mzaha wa kumpa. Nilimfuta uso kwa kanga yangu.

Jumatatu iliyofuata ndipo mambo yakaharibika kabisa. Wakati wa chakula Metui alichukua bakuli lake, akamwashiria Beatrice achukue lake, wakaondoka wawili, wakaenda kukaa nyuma ya ghala.

"Tunazungumzia mbinu," alisema alipopita mbele ya Rozalia, na hakumtazama usoni.

Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo, mchana na jioni.

"Wanalishana, Bibi."

"Umewaona?"

"Nimeona migongo. Migongo ya watu wanaolishana naijua."

"Umeijulia wapi?"

Alikuwa anachota. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.

"Rozalia," nikasema, "hiyo ni samli ya mama yake."

"Ndiyo. Na mama yake alisema ni yangu."

Na hapo ndipo lilipotokea jambo lililomtoa akili. Beatrice akaanza kushuka. Hamsini na nne na nusu ikawa hamsini na nne. Alhamisi, hamsini na tatu na gramu mia saba. Msichana akawa anaimba akienda kuoga.

"Anashukaje?" Rozalia alinikazia macho kana kwamba mimi ndiye nimemshusha. "Vijiko vinne, Bibi! Vinne! Mara mbili kwa siku! Ng'ombe angenenepa!"

"Labda ni mapenzi," nikasema. "Mapenzi hukondesha."

Nilitania tu. Lakini kuna utani ambao ukishatoka mdomoni unatamani uukimbilie uurudishe. Mjukuu wangu alikaa chini kwenye kigoda, akashika magoti yake, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote juu ya Beatrice. Alisema, "Jumapili baba anakuja, Bibi. Anakuja kuniuliza kama namtaka mtu ambaye hanitaki."

Jumapili ikafika, na Damiano akafika nayo, kwa bodaboda kutoka Endamarariek, kofia kichwani, koti la harusi yake mwenyewe mwilini, na gunia dogo la mbaazi. Akakaa uani kwenye kiti chenye mgongo. Alikitazama choo changu na ile karatasi ya rangi, akaguna.

Metui akaja. Shati limepigwa pasi, shuka nyekundu begani. Alichechemea kidogo kwa lile goti, akainamisha kichwa mbele ya mwanangu kama mtoto anavyomwinamia mkubwa wake huko kwao. Damiano, hata kama hakutaka, akalazimika kumgusa kichwani. Mtu akishakuwekea kichwa utakifanyaje?

Halafu Metui akanyanyuka, akameza mate, akaanza kumsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu.

Sisemi salamu ya njiani. Nasema salamu yenyewe ya nyumbani: mzee umeamkaje, watoto wameamkaje, mifugo, mvua, majirani, shamba. Maneno mengine yalimkwama kooni akayang'oa kwa nguvu kama anayeng'oa mtu kwenye godoro. Jasho lilimtoka na baridi ile. Rozalia alikuwa ametoka jikoni na sinia la chai, akasimama pale pale mlangoni.

Damiano alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeniuliza hali ya mbuzi mara mbili," akasema.

"Nisamehe, mzee. Nilisahau neno la ng'ombe."

"Eti! Watu wa kwenu huwasahau ng'ombe kwenye maneno tu!"

Na mwanangu akacheka. Damiano, ambaye hakucheka hata nilipoanguka kwenye pipa la pombe ya jirani! Alicheka mpaka kofia ikateleza.

"Nani kakufundisha wewe lugha yetu?"

"Ni Beatrice, mwanamichezo wangu. Mama yake ni wa Mbulu. Wiki tatu ananifundisha kila siku tukimaliza mazoezi. Sikutaka nikuombe binti yako kwa mdomo wa mkalimani." Akageuza shingo kidogo, akamwona Rozalia mlangoni. "Na yeye sikutaka ajue. Nilitaka asikie leo."

Vikombe vilikuwa vinalia kwenye sinia. Nililipokea mkononi mwake kabla hayajatokea mengine. Alikuwa anamtazama Metui, na Metui anamtazama yeye, na katika macho ya mjukuu wangu kulikuwa na furaha kubwa inayokimbizwa na hofu kubwa zaidi.

"Keti," Damiano alimwambia Metui. Alikuwa amelegea sasa, amefungua vifungo vya koti. "Mama aliniambia kwenye simu kwamba mama yako alileta samli. Mimi mtu wa kwetu namjua kwa shamba lake. Mfugaji nitamjua kwa samli ya kwao. Niwekewe kwenye ugali nionje, halafu nitasema neno langu."

Rozalia aliingia jikoni kama mtu aliyeitwa polisi. Nikamfuata. Alisimama chini ya kibuyu kile kilichoning'inia kwenye ndoano na ushanga wake mzuri, anakitazama, hakigusi.

"Bibi, kimebaki chochote?"

"Jana ulikisafisha kwa mwiko, mjukuu wangu. Ulikwaruza mpaka chini."

Kabla hajanijibu, mlangoni kukaingia kivuli. Metui.

"Roza, mzee anangoja samli."

"Naileta. Nenda kakae naye."

"Nikusaidie kubeba."

"Hapana!" Akasimama mbele ya kibuyu. "Bado hata sijakifungua. Nilikuwa naitunza, ni heshima ya mama. Sijaigusa hata kwa kidole."

Metui alimsogelea. Alinyoosha mkono juu ya bega lake, na kwa kitambo wakawa karibu sana, kidevu chake juu ya nywele zake, hata mimi nikasahau tuna shida. Akakitoa kibuyu kwenye ndoano. Mkono wa mtu wa mizani haudanganyiki. Alikipandisha, akakishusha, akakipindua kinywa chini. Haikutoka hata tone.

"Roza."

"Ni Bibi," akasema Rozalia haraka. "Ni Bibi huyo. Anatia kwenye uji. Nimemkataza, hasikii."

Mimi! Niliyemlea tangu yuko darasa la kwanza! Nilifungua mdomo nikane, nikaona midomo yake inavyotetemeka, nikaufunga, kisha nikaufungua tena.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Uzee huu. Samli inalainisha magoti."

Metui akatoa daftari mfukoni mwa shati. Akafunua ukurasa, bila hasira, bila haraka.

"Bibi ana kilo arobaini na sita na gramu mia mbili," akasema. "Kila asubuhi tukienda kukimbia hupanda mzani wangu, na mzani ule hutunza kumbukumbu. Mwezi mzima, Bibi, hujaongezeka hata gramu moja."

Nikatazama moto. Ulikuwa moto mzuri.

"Beatrice aliongezeka zaidi ya kilo moja kwa wiki mbili, na mimi sikujua kwa nini. Nikatafuta kila mahali. Palibaki mahali pamoja tu, na hapo nilikuwa sitaki kupatafuta. Jumatatu nikabadilishana naye bakuli. Tulikwenda nyuma ya ghala ili usituone. Yeye amekula langu, mimi nimekula lake. Yeye ameshuka." Akafunga daftari. "Mimi nimepanda gramu mia nane."

Rozalia akarudi nyuma hatua moja.

"Beatrice alidhani ladha ile ni ya moshi wa kuni zenu. Mimi nilijua kwa tonge la kwanza. Vibuyu vya mama yangu hufukizwa kwa kaa la mti wa oloirien. Samli yake ningeitambua hata usingizini."

"Kama ulijua tangu Jumatatu," Rozalia akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto, "kwa nini uliendelea kuila mpaka jana?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila bakuli nilisema, leo ataniambia. Hata sasa hivi nimeingia hapa nikiwa nangoja."

Kule uani Damiano akapaza sauti, bado ina kicheko ndani yake. "Nyie! Hiyo samli mmeifuata Kakesio kwa miguu?"

Metui alimwekea Rozalia kibuyu mikononi, akakunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, akabaki amemtazama. Rozalia akafungua mdomo. Akanigeukia mimi, na mimi nikatikisa kichwa, maana bibi mmoja hasingiziwi mara mbili.